Kelele za Mshtarii

Uingereza,
9 Septemba 1979

Kwa dada yangu Ebla,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila mvua ya huku imenichosha. Natumai barua hii itakukuta salama hapo Kiwanjani, wewe na baba yetu, Aabo, na hata yule mbuzi wako mwizi wa chapati.

Ati Mungania fundi wa redio anawaambia watu sokoni kwamba mimi ni jasusi? Ati kazi gani ya kukaa shambani na sahani ya chuma kubwa kuliko msikiti? Mwambie hiyo si sahani, ni sikio. Nyota hazitoi mwanga peke yake, Ebla. Zinatoa na mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayomletea Aabo habari za Kisomali kutoka London, ila haya yametoka mbali mno, yanafika yamechoka kabisa. Darubini yetu inayakusanya, mashine inayakuza, na kalamu inayachora kwenye karatasi ndefu isiyoisha. Mimi ndiye fundi wa hiyo kalamu. Kuna nyota moja iliyokufa zamani, imebaki donge linalozunguka, na kila likizunguka linapiga, tik, tik, tik, sawasawa kuliko saa yoyote ya mkononi. Nikiisikiliza nafumba macho nasahau niko nchi gani. Na kuna mchakarisho mwingine mdogo usio na nyota, unatoka kila upande sawasawa. Wakubwa zangu wanasema ni joto lililobaki tangu ulimwengu ulipoanza. Fikiria hilo! Mungu alisema kuwa, ikawa, na hadi leo bado panavuma.

Adui wetu ni binadamu. Gari la petroli likipita karibu, cheche za plagi zinafunika nyota zote. Ndiyo maana hapa getini wanaruhusu magari ya dizeli tu. Nilicheka peke yangu: kumbe lori ya Aabo ingepigiwa saluti hapa! Kazi yangu ya kila siku ni kupitia ile karatasi na penseli nyekundu, nafuta kila alama iliyofanywa na watu, ibaki mbingu peke yake. Miaka mitano sasa nafuta watu.

Sasa nina ombi, na unalijua. Siku niliyoondoka Aabo alikuwa amekwama na lori huko Gotu, mto umejaa. Ndege haikuweza kuningoja, nami sikumngoja Aabo. Aliporudi akaapa mbele yako: "Aliyeondoka bila kuniaga, sitamsemesha neno wala sitamwandikia neno." Na Aabo hajavunja kiapo tangu azaliwe. Lakini mtoto bila radhi ya baba ataenda wapi? Nakula, nalala, napandishwa cheo, na ndani naogopa. Niombee radhi, Ebla. Neno moja linanitosha.

Bado anafoka, "Zima redio, mawe yanaisha"?

Kaka yako,
Hirsi Duale


Isiolo,
1 Oktoba 1979

Kwa abowe Hirsi,

Waaleikum salaam. Barua yako, kaka, nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti. Aabo alinipa mgongo kuonyesha hana haja nayo. Huyohuyo wa kunipa mgongo ndiye aliyesogeza kiti karibu. Nilipofika pale kwa dizeli mabega yake yalitikisika, usiniambie nimeota.

Mawe ya redio? We acha tu, betri siku hizi ni ghali. Habari za London zikiisha na mimi nikichelewa kuzima, ananiangalia mpaka mkono wangu unakwenda wenyewe. Lori siku hizi inaendeshwa na Wako, yule utingo wake. Aabo anapumzika, kifua kinamsumbua kidogo, si jambo la kukukosesha usingizi.

Hiyo radhi, ndugu yangu, siwezi kuitoa mfukoni kwa Aabo kama ufunguo. Na nikuambie lingine, usikasirike. Wewe uko huko unalilia radhi, mimi niko hapa naosha vikombe. Unakumbuka ile alfabeti ya signala aliyotoka nayo Aabo vita vya Burma, alipokuwa akipeleka habari za jeshi kwa kugonga? Alikufundisha wewe kwa kijiko na kikombe cha bati, kugonga ni fupi, kukwaruza ni ndefu, mnacheka jioni nzima. Mimi nilipoomba nikaambiwa msichana ataipeleka wapi. Nikapewa kikombe nikioshe. Sijalalamika, nasema tu. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwenu nyinyi wanaume ni kinyume: asiyekuwepo ndiye anayengojwa.

Basi sikiliza. Nilipomaliza kusoma, Aabo alichukua penseli akaandika pembeni mwa bahasha yako: Mita ngapi? Halafu akaikunja akaitia mfukoni haraka. Kwa hiyo anayekuuliza ni mimi, si yeye, usije ukasema amevunja kiapo. Redio ya kawaida inaweza kusikia nyota, na kama inaweza, ni mita ngapi?

Ebla


Uingereza,
20 Oktoba 1979

Ebla, Ebla, Ebla!

Mita ngapi! Signala hafi akaisha. Nilikuwa nasoma barua yako kantini nikapiga kelele, wakadhani nimeungua na chai.

Inaweza. Si nyota zote, lakini Mshtarii inaweza. Ni ile sayari kubwa nyeupe mtakayoiona karibu na utosi mkitoka kuswali alfajiri. Mwambie (yaani jiambie wewe, halafu useme kwa sauti akiwa karibu) atafute kati ya mita kumi na sita na kumi na tatu, mahali pasipo na stesheni yoyote. Waya mrefu utoke kwenye redio mpaka ule mgunga wa nyuma. Mshtarii haiongei kila siku. Kati ya miezi yake kuna mmoja unaoizunguka kwa muda wa chini ya siku mbili, na mwezi huo ukifika mahali fulani kunalipuka umeme ambao dunia yetu nzima haina. Nimepiga hesabu: jaribuni alfajiri ya tarehe 17 Novemba, na mkiikosa, tarehe 24. Itakuwa kama mahindi yanamwagwa juu ya mabati, yakome, yamwagwe tena.

Mungania ana rekoda ya kaseti, mwombeni. Aabo anirekodie. Na akishamaliza, kama moyo utamlegea, aseme neno moja mwishoni. Anong'one tu. Mimi nasikia donge lililokufa upande wa pili wa mbingu, nitashindwa kumsikia baba yangu?

Hirsi


Isiolo,
26 Novemba 1979

Kwa abowe Hirsi,

Salaam nyingi. Kaseti hii hapa, nimeifunga kwa kitambaa cha buibui yangu kuukuu ili isivunjike.

Tarehe 17 tulipata stesheni ya Wachina na mluzi tu. Tarehe 24 Mungania alikuja mwenyewe asubuhi mapema, na koti la mvua na salamu zake za "habari za hapa", akaweka rekoda mezani akaahidi hatagusa kitu. Alivuta waya mpaka kwenye mgunga. Kulikuwa kumenyesha, hewa inanuka vumbi bichi, na ile Mshtarii yako iko juu, nyeupe, imetulia kama haijui tunaisubiri. Aabo alizungusha kidude polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote. Halafu, walahi, ikaja. Mahindi juu ya mabati, kama ulivyosema. Mungania alivua kofia. Huko kuna kitu kikubwa kinanguruma tangu zamani, na sisi huku tumekuwa tukitafuta taarabu juu yake.

Aabo alituashiria tutoke. Nikamwachia chumba na rekoda, nikafunga mlango. Upande mmoja wa kaseti ulipoisha akafungua, macho yake mekundu, akanipa kaseti mkononi na kunikunja vidole juu yake. Alichokuwekea humo ni chake na chako. Mimi sijaisikiliza.

Usimhukumu haraka, Hirsi. Hilo tu naomba.

Ebla


Uingereza,
15 Desemba 1979

Ebla,

Kaseti imefika. Niliipeleka kazini, nikaiunganisha na ile kalamu, nikasikiliza dakika zote thelathini, mara mbili. Mshtarii ipo, safi kabisa. Juu yake pana kugonga-gonga na kukwaruza, nadhani ni gari bovu la petroli mtaani kwenu, au Mungania hakuacha kuchezea vyuma vyake. Alama zake nimezifuta zote kwa penseli nyekundu kama nifanyavyo siku zote, nikangoja sauti ya Aabo. Haipo. Hata kukohoa hakuna.

Basi nimeelewa. Baba yangu ana maneno ya kumpa kila dereva wa barabara ya Moyale, ila mimi ananipa kelele za sayari. Nilisema nong'ona tu! Angeniambia hata "mjinga wewe" ningelishukuru. Naona aibu kwamba nilipiga hesabu wiki nzima nikidhani namtengenezea nafasi ya kusema. Usimsomee tena barua zangu. Wewe niandikie ukipenda.

Hirsi


Isiolo,
31 Desemba 1979

Hirsi,

Sikusalimii kwanza, nina hasira. Nikimaliza nitakusalimia.

Aabo hana sauti. Umesikia? Hana. Tangu mwezi wa nne. Ilianza kama mafua, ikawa kukwaruza, halafu siku moja akafungua mdomo kumwita Wako na hakikutoka kitu. Nairobi walituambia ni saratani ya koo na imeshakwenda mbali. Aliniapisha kwa kuandika, akanikazia karatasi usoni: Hirsi asijue, ataacha kazi. Ndiyo maana katika barua zangu zote Aabo anatikisa mabega, anaashiria, anaandika pembeni mwa bahasha. Isipokuwa lile la kifua, sikukudanganya hata neno. Nilikuficha tu, na nimechoka kuficha. Mungu anisamehe, leo nimevunja kiapo changu kwa sababu wewe umemwona baba yako katili na yeye yuko chumba cha pili anakunywa uji kwa kijiko kidogo cha chai.

Na jambo la pili. Hakukuwa na gari mtaani alfajiri ile, na Mungania alikuwa nje na mimi anakula chapati zangu. Nikuambie kilichokuwa kinagonga? Nilichungulia kwenye pazia. Aabo ameketi mbele ya rekoda, ameshika kile kikombe cha bati na kijiko, anagonga na kukwaruza, anagonga na kukwaruza, amefumba macho, jasho linamtoka. Mdundo uleule bila kukoma, nikadhani ugonjwa umempanda kichwani. Niliona aibu kwa niaba yake na sikutaka ujue. Ndiyo nikakuandikia usimhukumu haraka.

Sasa asalaam aleikum.

Ebla


Uingereza,
14 Januari 1980

Kwa dada yangu mpendwa Ebla,

Waaleikum salaam. Nimeandika barua hii mara nne. Ikifika imelowa, ni mimi, si mvua.

Niliposoma kuhusu kikombe nilikimbia kazini bila koti. Karatasi ya kaseti yenu ilikuwa kwenye pipa la taka, chini ya nyingine nyingi. Niliitandaza sakafuni. Mshtarii iko chini, inavuma, na juu yake, chini ya penseli yangu nyekundu, kalamu ilikuwa imechora kila kitu tangu siku ile. Kifupi, kirefu, kifupi. Pumziko. Kifupi, kirefu. Hivi:

· – ·   · –   – · ·   · · · ·   · ·

Radhi, Ebla. Ndiyo neno lenyewe, r, a, d, h, i. Halafu tena. Halafu tena. Nimehesabu mara thelathini na moja katika nusu saa. Mwishoni mkono wake ulikuwa unachoka, herufi zinaachana sana, lakini hakuacha hata moja. Na mimi nilizipitia zote thelathini na moja na penseli, moja baada ya nyingine, kwa sababu nimefundishwa kwamba kinachofanywa na mtu ni uchafu. Nilikuwa nangoja sauti. Kichwani sikuwa na mahali pa kijiko.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Na yule mzee ni mjanja, haki! Aliapa hatanisemesha wala hataniandikia. Hakusema, hakuandika. Kiapo chake kiko palepale.

Nimeomba likizo, wamenipa kuanzia tarehe 5 Machi. Kabla ya hapo mpe kaseti hii. Mwishoni nimeweka ile nyota iliyokufa, inayopiga tik tik, asikie inavyokwenda sawa. Mbele yake nimegonga mwenyewe, kwa kijiko cha kantini. Nimemwambia nimepokea. Mwekee rekoda mkononi, ashike spika, kama masikio nayo yamechoka.

Nisamehe na wewe. Uliyabeba peke yako.

Hirsi


Isiolo,
2 Machi 1980

Kwa abowe Hirsi,

Asalaam aleikum. Simu yangu ya maandishi imeshakufikia, basi hii si habari, ni masimulizi tu. Aabo alifariki Alhamisi tarehe 28 baada ya alfajiri, tukamzika kabla ya adhuhuri. Wako aliendesha lori mbele ya watu, pole pole, mpaka makaburini. Mungania alisimama nyuma pamoja na wafanyabiashara wengine wa Meru, analia kuliko sisi.

Kaseti yako ilitangulia, alhamdulillahi. Nilimchezea siku ile jua lilipopatwa. Watu walikuwa msikitini kwa swala ya kupatwa, mtaa mtupu, mwanga umekuwa wa ajabu, si mchana si jioni, na vivuli vya majani ya mgunga vimegeuka vipande vya mwezi mamia na mamia juu ya mchanga. Mbuzi wangu alirudi zizini mwenyewe. Aabo alikuwa kwenye kitanda cha kamba uani, nikamwekea rekoda juu ya kifua. Alipotambua kijiko chako alifungua macho, Hirsi, akafungua na mdomo. Alicheka kicheko chake kizima bila sauti. Kaseti ikabaki na ile nyota peke yake, naye akaiwekea vidole, mpaka jua likarudi na jogoo wa jirani akawika kwa aibu.

Jumatano jioni, baada ya habari za London, aliashiria kikombe. Nikajua anataka kukutumia ujumbe wa mwisho. Nilichukua bahasha, nikawa naweka nukta akigonga na mstari akikwaruza, na pengo anapopumzika. Alikuwa ananiangalia mimi, labda kuhakikisha naandika vizuri. Ilikuwa hivi:

·   – · · ·   · – · ·   · –
· – ·   · –   – · ·   · · · ·   · ·
– – · ·   · ·   – –   · –   · – ·   ·   – · ·   · ·   – – –

Kisha kijiko kikaanguka, akalala. Mstari wa pili naujua, umenifundisha mwenyewe, ni radhi. Wa kwanza bila shaka ni jina lako. Wa tatu sijui, pengine ni dua ya safari. Nimekuletea kama nilivyosikia, sijaongeza wala kupunguza.

Redio niliiacha ikivuma karibu naye usiku kucha. Sikuwa na moyo wa kuizima. Asubuhi mawe yalikuwa yamekwisha, kama yeye.

Ebla


Uingereza,
15 Machi 1980

Kwa dada yangu Ebla,

Asalaam aleikum. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Niliposoma simu yako niliahirisha safari, kwani sikuona nakuja kumuona nani. Nilikosea. Nakuja kukuona wewe. Nafika tarehe 5 Aprili, inshallah. Ningeweza kungoja nikuambie ana kwa ana, lakini ujumbe huu umekaa njiani vya kutosha.

Mstari wa kwanza si jina langu. Langu linaanza kwa kugonga mara nne. Hili linaanza kwa kugonga mara moja tu, fupi kuliko majina yote ya nyumbani kwetu. Nimeisoma ile bahasha mara kumi nisije nikakosea tena.

Ebla, inasema Ebla. Halafu inasema radhi. Hakunitumia mimi kitu Jumatano ile. Mimi nilikuwa nimeshapata thelathini na moja. Alikuwa anakuangalia wewe kwa sababu alikuwa anasema na wewe, kwa lugha aliyokunyima ukiwa mdogo, na wewe uliipokea yote bila kukosea hata nukta moja. Mafundi wa hapa hawaandiki hivyo.

Wa tatu si dua. Unasema: zima redio.

Kikombe usikioshe. Ni zamu yangu.

Hirsi